Maswali Yanayoulizwa Sana: Kujenga Tuta la Mishale na Stendi za Shabaha

Nimekaa nikaandika haya yote pamoja manake kila wiki kuna mtu ananipigia simu ama ananishika njiani kuniuliza kitu kilekile, na saa zingine nasahau kumwambia lile la muhimu zaidi. Uwanja wetu wa upinde uko nje kidogo ya mji wa Kilifi, nyuma ya shule, laini sita tu za kupigia, watoto ndo wengi, na karibu kila kitu pale tumekijenga kwa mikono yetu, vingine mara mbili manake mara ya kwanza tulikosea. Tuelewane maneno kwanza. Tuta ni ule mlima wa udongo nyuma ya shabaha, robota ni lile bonge ambalo mshale unaingia na kusimama, stendi ni miguu inayobeba robota, na karatasi ni ile yenye rangi inayobandikwa mbele.

Nianze na nini, stendi ama tuta?

Tuta. Jibu langu litakuwa hilohilo hata ukiniuliza mara mia. Watu wanataka kuanza na stendi manake ndo inayoonekana, ndo inayopigwa picha, ukishaweka karatasi ya rangi tano pale mbele basi unaona uwanja umekamilika. Lakini robota ni la mshale uliopatia. Tuta ni la ule uliokosa, na mtoto wa wiki ya kwanza anakosa kuliko anavyopatia, na hata mzoefu upote, yaani ile kamba ya upinde, ukimkatikia ama kidole kikiteleza mshale unaenda unakotaka wenyewe.

Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na stendi mbili nzuri kabisa, zimepigwa msasa, na nyuma yake hakuna kitu ila ua wa makuti. Siku moja kijana akavuta, akaachia mapema, mshale ukapita juu ya ua ukaangukia shamba la mahindi la jirani. Mama mwenye shamba alikuwa ametoka tu kupalilia, ameketi chini ya mwembe anakunywa maji. Tulipofika tuliukuta mshale umesimama wima katikati ya mistari miwili ya mahindi, manyoya juu, na jembe lake limelala hatua nne kutoka hapo. Nilifunga uwanja siku ileile na haukufunguliwa tena mpaka tuta likaisha, miezi mitatu. Yule kijana hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemsimamisha pale bila kitu nyuma ya shabaha.

Kwani mshale una nguvu kiasi gani mpaka uhitaji mlima mzima?

Hebu tupige hesabu. Mshale wa gramu 20 ukitoka kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, na huo ni upinde wa kawaida tu wa mtu mzima, unabeba jouli 25. Kompaundi, ule upinde wenye magurudumu, ukitoa mshale wa gramu 25 kwa mita 85 kwa sekunde unapata jouli 90, zaidi ya mara tatu na nusu. Jouli 25 zinasikika kidogo lakini zote ziko kwenye ncha nyembamba kuliko penseli. Na upinde wa ratili 40 (hio ni nguvu inayotakiwa kuuvuta) ukielekezwa juu, mshale unapita mita 200 bila shida, ni kama viwanja viwili vya mpira vimepangwa kimoja mbele ya kingine. Sasa angalia nyuma ya kiwanja chako uone mita 200 zinaishia wapi, nyumbani kwa nani, njia ya nani.

Watoto wetu wanaanza na ratili 15 mpaka 20, nguvu ni ndogo zaidi, lakini tuta hujengei upinde wa leo. Mtoto anakua, mgeni anakuja na upinde wake. Jengea ule mkubwa kuliko yote utakaoruhusu kwenye laini yako.

Tuta liwe kubwa kiasi gani?

Letu ni mita 2 na nusu kwenda juu na mita 15 kwa urefu, limepita laini ya mwisho kila upande kwa mita 3. Upana wa chini ndo unaoshangaza watu. Udongo wetu wa pwani ni wa mchanga, haukubali kusimama, kwa kila mita moja juu unataka mita moja na nusu kwa upande, mbele na nyuma vilevile. Kwa hivyo mita 2 na nusu juu ni karibu mita 4 kila upande, ukiacha na kilele cha nusu mita unapata kitako cha mita 8. Zidisha kwa urefu, hio ni kama mita za ujazo 160. Tipa la tani 7 linabeba karibu mita 5 za ujazo, sa piga hesabu mwenyewe, ni safari 30 na zaidi.

Ukiona hio hesabu usikate tamaa ukaenda kujenga tuta la mita moja. Kuna njia. Sisi upande wa nyuma tulipanga magunia ya mchanga kama ngazi, kila safu imerudi ndani kidogo, yakasimama kama ukuta na tukaokoa udongo mwingi. Njia ingine ni kuchimba: ukichimba uwanja ushuke nusu mita pale shabaha zinaposimama na udongo huohuo ukaurushia nyuma, umepata urefu mara mbili kwa jasho moja, ila fikiria maji ya masika yataenda wapi manake sisi tulipojaribu kona moja ilikuwa bwawa mwezi wa 5 wote. Na kama kuna kilima cha asili basi wewe umebarikiwa, geuza uwanja ukitazame.

Tuta liwe karibu na stendi, mita 2 ama 3 nyuma yake, nafasi ya mtu kupita kuokota. Likiwa mbali mshale uliopita juu ya robota una nafasi ya kuliruka nalo pia.

Udongo wowote unafaa?

Hapana, na hapa pwani ndo kwenye shida kweli manake ukichimba kidogo tu unakutana na mawe ya matumbawe. Mshale ukigonga jiwe mambo matatu yanaweza kutokea, unavunjika, unapasuka kwa ndani usione, ama unaruka pembeni. Lile la kati ndo baya kuliko yote. Mshale wa kaboni wenye ufa usioonekana ukirudishwa kwenye upinde unaweza kupasuka wakati wa kuachia na vipande vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Kwa hivyo kila mshale uliogonga kitu kigumu tunaukunja taratibu karibu na sikio, tunasikiliza kama unalia kijisauti cha kupasuka, tukisikia hata kidogo tunauvunja kabisa usirudi kwenye podo.

Ndani kabisa ya tuta weka chochote, mawe, matofali mabovu, kifusi. Lakini sentimita 40 za juu upande wa mbele ziwe udongo uliopitishwa kwenye chekeche. Alafu panda nyasi. Bila nyasi mvua ya masika inalishusha lote, nimeona tuta la jamaa mmoja likipungua mpaka kifuani kwa msimu mmoja. Nyasi nazo zikatwe fupi, manake mshale unaopiga nyasi ndefu unateleza chini yake kama nyoka na unalala umefunikwa kabisa, unaweza kukanyaga juu yake usiuone. Tunatafuta kwa reki, tukivuta kuelekea kwetu, tunapata mishale ya mwezi uliopita.

Sina nafasi ya tuta. Ukuta wa mawe je? Wavu wa samaki?

Ukuta mtupu wa mawe ama bloku hapana, kwa sababu hizohizo za mawe, na zaidi ya hapo mshale unaweza kurudi kwa aliyepiga. Ukuta ni mzuri kama kuna kitu kinaning'inia mbele yake. Zulia kuukuu ndo rafiki yako. Litundike kwenye waya ama bomba nusu mita mbele ya ukuta, lining'inie legelege, lisikazwe chini. Watu wanalikaza kama turubai la harusi, hapo linatobolewa. Likiwa legelege mshale ukigonga zulia linarudi nyuma pamoja nao na kuunyang'anya nguvu. Kwa upinde wa watoto zulia moja zito linatosha, kwa ratili 30 na kitu weka mawili yamepishana kwa nafasi ya kiganja. Lakini hio ni kwa mita 10 mpaka 18, ndani ya ua.

Wavu wa samaki nimeulizwa mara nyingi sana manake kila nyumba hapa ina kipande. Macho yake ni makubwa, mshale unapita. Kuna nyavu zinazofumwa kwa ajili ya mishale, zina macho madogo na nyuzi nzito na nazo zinatundikwa legelege vilevile, lakini la mvuvi mwachie mvuvi.

Kama huna tuta, huna ukuta, huna ua, na nyuma kuna njia ya watu, mimi nakushauri utafute mahali pengine. Najua si jibu unalotaka.

Uwanja uelekee upande gani?

Kaskazini ama kusini. Usielekeze mashariki wala magharibi, manake asubuhi ama jioni jua litakuwa machoni na hapo ndo saa za mazoezi. Sheria za kimataifa zinataka walio kusini mwa ikweta wapige kuelekea kusini na wa kaskazini waelekee kaskazini, sisi Kilifi tuko karibu sana na ikweta, jua linapita pande zote mbili kwa mwaka, kwa hivyo angalia zaidi nyuma kuna nini. Wetu unaelekea kusini kwa sababu huko ndo hakuna nyumba, na hio ilituletea habari ya kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, ambayo nitaieleza chini.

Robota nilijaze nini?

Hapa kuna mengi. Kwanza elewa mshale unasimamishwa na nini. Unasimamishwa na msuguano, yaani kitu kinachouminya pande zote ukiwa unapita. Kwa hivyo kinachotakiwa ni kitu laini kilichobanwa sana. Mbao inaukamata mshale huwezi kuutoa, godoro la kawaida la sponji nyepesi linapitwa kama hewa, na tairi, jamani tairi, kila mtu analeta wazo la tairi, tairi linaurudisha mshale ulikotoka. Mpira mgumu usiwekwe mbele ya mshale kabisa.

Gunia la matambara ndo rahisi kuliko yote na ndo tulilosomea sisi. Gunia la kilo 90, ujaze nguo za mitumba zilizokataliwa sokoni, zile zilizochanika ama zenye madoa, wauzaji wanakupa kwa bei ya kutupa. Kabla hujaweka, kata zipu zote, vifungo, bizimu za mikanda, vyuma vya suruali za jinzi. Kazi hio inachosha na kila mtu anataka kuiruka, sisi tuliiruka, tukaharibu ncha tatu kwa siku moja na mshale mmoja ulirudi nyuma hatua kumi baada ya kugonga bizimu. Ukimaliza kukata, jaza kwa kushindilia, weka kidogo, panda juu ukanyage kwa kisigino, weka tena, kanyaga tena. Ukidhani limejaa bado linaingia nusu ya ulichokwishaweka. Likiwa gumu kiasi kwamba ngumi haizami ndo unashona mdomo kwa shazia na kamba ya katani. Gunia la namna hio kwa mita 10 na pinde za watoto linadumu mwaka na zaidi, na mshale unatoka kwa vidole viwili.

Kandambili ndo ninazozipenda. Ile sponji yake ngumu ikibanwa inashika mshale vizuri ajabu, na bahari inatuletea bure, ukitembea ufukweni baada ya kusi unazikuta zimelala kila rangi. Tunatoka na watoto Jumamosi na magunia. Unang'oa kamba, unasugua mchanga wote utoke (mchanga unakula mishale), unakata ncha na kisigino ziwe mraba, alafu unazipanga zimelala moja juu ya nyingine, mbele ya robota unaona mikato tu kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mshale unaingia kati ya tabaka na tabaka. Kipande cha katikati cha sentimita 60 kwa 60 kinakula kandambili 240 kwa hesabu ya kawaida, ukishabana unajikuta umetumia zaidi ya 300. Robota zima la mita moja na robo lingekula elfu na kitu, ndo maana sisi katikati ni kandambili na pembeni ni katoni.

Katoni nazo ni nzuri, ni nafuu, ila zinaogopa maji. Kata vipande vyote upana mmoja, sentimita 25 ama 30, vipange vilale, weka ubao mzito juu na mwingine chini, alafu uvute pamoja kwa bolti ndefu zenye uzi mwili mzima, unene wa milimita 12, mbili kila upande, nje ya eneo la kupigwa. Rundo letu lilianza na kimo cha mwanamume mzima likashuka mpaka kifuani. Kila mwezi kaza nati tena manake katoni zinaendelea kulala. Mikanda ya kufungia mizigo ya lori inaweza kufanya kazi hio pia lakini jua linaila.

Marobota ya nyasi kavu yanafaa kwa siku ya mashindano, yakiwa yamebanwa kweli na mashine. Yaliyofungwa kwa mkono hayana kitu. Yanaoza, yanaalika panya, na panya wanaalika nyoka. Makumbi ya nazi tulijaribu kwa sababu ya mapenzi yetu ya nazi tu, yakalowa maji yakanuka, tukaacha.

Nitajuaje robota linatosha?

Simama mita 5, chukua upinde wenye nguvu kuliko yote uwanjani, piga mishale mitatu mahali pamoja, uwanja ukiwa hauna mtu mwingine. Alafu zunguka nyuma. Ukiona ncha imechungulia hata ukucha mmoja, robota halijatosha, ongeza kina ama bana zaidi. Rudia jaribio kila mwezi kwa sababu katikati inachoka polepole na macho yanazoea. Usiweke ubao nyuma ya robota kama bima, mshale utaugota na siku nzima itaisha ukiuchokoa kwa kisu.

Vipimo vya stendi ni vipi?

Kwa mashindano ya nje katikati ya ile rangi ya njano iwe sentimita 130 kutoka ardhini, ikizidi ama kupungua isiwe zaidi ya 5. Robota lisiwe dogo kuliko sentimita 124 upande wowote, manake karatasi kubwa, ile ya kupigwa kutoka mita 70, ina kipenyo cha 122. Sa ukifanya hesabu, nusu ya 124 ni 62, robota likiwa limelala kidogo linapoteza kama sentimita moja hapo, kwa hivyo kile kibao cha kubebea robota kikae sentimita 69 kutoka chini. Hio namba niliipata baada ya kubomoa kibao mara mbili, ichukue tu.

Kulala kwenyewe ni kati ya digrii 10 na 15 kwenda nyuma. Huna kipimo cha digrii? Hakuna shida, chukua kamba yenye jiwe, iache ining'inie kutoka juu, kwa kila mita moja kwenda chini robota liwe limeachana na kamba kwa sentimita 18 mpaka 27. Sisi tunaweka 21, ambayo ni digrii 12. Likilala hivyo mshale unaoshuka kutoka mbali unaingia karibu mraba na uso wa robota, hauparuzi karatasi.

Miguu ni mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma kama easeli ya mchoraji. Tunatumia mivinje, fito nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, inapatikana kila mahali huku na fundi yeyote anaijua. Mita 2 na robo kwa mguu wa mbele. Mguu wa nyuma ufungwe kwa bolti moja juu ili uweze kukunjwa, na chini ufunge kamba kati ya mguu wa nyuma na wa mbele isije ikafunguka kama mkasi. Miguu mitatu inakaa hata kwenye ardhi isiyo sawa. Minne daima mmoja unacheza.

Na chuma kisionekane mbele. Kila msumari, kila kichwa cha bolti, kiwe nyuma ama pembeni. Miguu ya mbele iingize ndani ifichwe na robota, ile sehemu inayobaki chini ivishe vipande vya zulia.

Upepo?

Hii ndo habari ya kusi niliyoahidi. Tulidhani robota likilala nyuma limeshajilinda, litaangukaje na limeegemea? Mwezi wa 7, kusi imeshika, uwanja wetu unaelekea kusini, yaani mgongo wa robota ndo unaopokea upepo wote. Watoto walikuwa wamemaliza duru, mishale sita imesimama robotani, wanasubiri filimbi. Ikaja dharuba moja, robota likainuka taratibu kama mtu anayeamka kitandani, likasimama wima, alafu likaanguka kifudifudi juu ya mishale yote sita. Ilivunjika yote. Ilikuwa ni mishale tu, na kama filimbi ingelia sekunde kumi kabla wangekuwa watoto wapo mbele yake wanang'oa.

Tangu hapo kila mguu una kigingi cha nondo, sentimita 60 kwa ardhi ngumu na 90 kwenye mchanga, kimepigwa kimshazari, na kutoka juu ya robota inatoka kamba kwenda nyuma kwenye kigingi chake cha peke yake. Hio kamba ya nyuma ndo inayozuia kuanguka mbele, miguu peke yake haizuii. Na robota nalo lifungwe kwenye stendi, lisiwe limewekwa tu juu ya kibao.

Mchwa na mvua?

Ncha za miguu zichovye kwenye oili chafu siku mbili kabla ya kusimamisha. Robota lisiguse ardhi hata usiku mmoja. Funika kwa turubai lenye nafasi ya hewa pembeni, likibana unyevu unabaki ndani na katoni zinaota ukungu. Magunia ya plastiki yanaliwa na jua, yakianza kutoa vumbi jeupe ukipitisha mkono shona gunia jipya juu ya la zamani, usimwage matambara.

Karatasi naishikaje, na ipi kwa nani?

Vijiti vya mishikaki. Kata urefu wa kidole, chonga, vichomeke kwenye kona nne. Mshale ukikigonga kinakatika kijiti, mshale unabaki mzima, tofauti na msumari. Karatasi kabla ya kuitundika ibandike kwenye katoni kwa gundi ya unga wa ngano, itadumu mara nne zaidi. Kwa mita 70 ni karatasi ya sentimita 122, duara lake la pointi kumi lina kipenyo cha sentimita 12 na kitu. Kwa mita 18 ndani ni ya 40. Lakini mtoto anayeanza mpe ile kubwa ya 122 kwa mita 10, apate, afurahi, arudi wiki ijayo.

Naruhusiwa kuja na upinde wa babu yangu?

Upinde njoo nao kwa mikono miwili. Huku bara yetu, kuelekea Galana na Tsavo, Waata, watu waliojulikana kwa uwindaji, walikuwa na pinde za kuvuta zaidi ya ratili 100, kuna wapigaji wachache duniani leo wanaoweza kuvuta kitu kama hicho. Lakini kigumba cha chuma chenye mabawa ama miiba hapana, kinachana robota vipande na hakitoki bila kulipasua. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hapa ni shabaha tu, weka ncha yenye umbo la risasi, ile ya mviringo.

Mzee mmoja alitutembelea akalibonyeza gunia letu kwa kidole, akaniambia, "Mwanangu, hili halitakaa." Nikamwambia, "Mzee, limekaa mwaka mzima." Akavuta mara moja kutoka mita 10. Mshale ulipita wote na manyoya yake, tukaukuta nyuma kwenye tuta, umezama kiganja kizima. Siku hio ndo nilianza kuzipenda kandambili.

Hii stendi itafaa kwa bunduki ya upepo?

Hapana. Kile kidonge cha risasi kinataka kitego cha chuma chake chenyewe, na bunduki ina mambo ya leseni ambayo upinde hauna, nenda kituo cha polisi uulize kwanza. Usichanganye viwanja.

Watu wasimame wapi?

Nyuma ya mstari wa kupigia, na wanaosubiri wawe mita 5 nyuma zaidi. Filimbi mbili watu wanasogea mstarini, moja wanapiga, tatu wanaenda kuchukua mishale, tano na zaidi ni hatari kila mtu aache. Kwenye robota anayeng'oa aweke kiganja kimoja kwenye karatasi, avute kwa mwingine, na hakuna mtu nyuma ya kiwiko chake, manake mshale ukitoka ghafla mkia wake unakwenda usoni kwa aliye nyuma, na wanaoumia hapo mara nyingi ni watoto wafupi wanaochungulia.

Robota limetoboka katikati, nitupe?

Usitupe. Toka mwanzo lijenge na tundu la mraba la sentimita 60 katikati, na hapo ndani liingie bonge la kandambili linalotoka. Likichoka ligeuze mbele nyuma, likichoka tena lizungushe robo, unapata maisha manne kabla ya kupanga upya. La kwetu la laini ya tatu liko kwenye maisha ya tatu sasa, na Jumamosi hii tunashuka tena ufukweni na magunia.